Alisema "wewe fundi" nikajua ni mimi: miezi 14 niliyoishi na sauti ya mtangazaji

Jamani naandika hii kwa sababu wiki iliyopita kuna dada mmoja mteja wangu hapa Tabora alikuja kupima gauni, tukawa tunapiga stori, akanionyesha kwenye simu mtu ambaye anamtumia zawadi kwenye laivu kila usiku, akaniambia "huyu ananijua kabisa fundi, akiona tu nimeingia anacheka". Nilikuwa nimeshika futikamba nampima kiuno nikasahau namba niliyosoma, ikabidi nirudie. Maneno hayo hayo mi niliyasema miaka michache nyuma na kwa muda mrefu hakuna aliyekaa na mimi akanieleza vizuri, walinicheka au walinigombeza. Kwa hiyo ntaeleza yangu yote na hela zake, anayejiona humu achukue.

Mi ni fundi cherehani, nafanyia kazi barazani maeneo ya Kanyenye. Cherehani nilirithi kwa mama, Singer ya miguu, nyeusi, ile ya zamani. Mama alifariki Agosti 2020. Tulikuwa tunaishi wawili tu, kaka zangu wameshaoa wako mbali, mmoja Mpanda mmoja Kahama. Asubuhi hadi jioni tulikuwa tunashona wote pale barazani, ye anakata mi nashona, redio iko kwenye msumari ukutani inaongea.

Na hapa lazima niseme kitu kuhusu mama na redio maana nilikuja kukielewa baadae sana. Mama alikuwa mtu wa salamu. Wale mnaokumbuka zile kadi za salamu, unanunua kadi unaandika majina ya watu wako unaituma redioni, mtangazaji anasoma "salamu hizi zimfikie fulani popote alipo", mama alikuwa mmoja wao tangu enzi za Radio Tanzania, na walikuwa na kundi lao hapa mjini, wanajuana kwa majina ya salamu, mtu akifiwa wanachanga wanakwenda. Watangazaji alikuwa anawaita "mwanangu" na "baba yangu" na hajawahi kuwaona hata siku moja. Kanumba, yule mwigizaji wa filamu, alipofariki, ile Jumamosi ya kuamkia Pasaka tarehe 7 Aprili 2012, mama alilia kama kafiwa na mtoto wa kumzaa. Hakuwa peke yake, mtaa mzima ulikuwa umeinama, na kule Dar watu walijaa viwanja vya Leaders kumuaga mpaka wengine wakazimia. Mi nilikuwa msichana, nikamuuliza mama kwani tulikuwa tunamfahamu? Akanijibu "alikuwa anaingia humu ndani kila siku, wewe unataka nimjue vipi tena". Jibu hilo nimelibeba mpaka leo na naliona lina ukweli ndani yake.

Baada ya msiba watu walikaa siku tatu, ndugu wakakaa mpaka arobaini, halafu wakaondoka kila mtu na maisha yake. Nikabaki na cherehani mbili na baraza. Ule ukimya sijui niueleze vipi, yaani unashona unafika mahali unageuka useme "mama nipe mkasi" unakuta mkeka.

Redio ya ukutani niliizima maana kila kipindi kilinikumbusha ye. Nikawa nasikiliza kwenye simu, na iafoni masikioni. Januari au Februari 2021 ndo nikakipata kipindi cha huyu dada. Jina lake silitaji wala kituo sikitaji, kwa sababu hana kosa lolote, naomba hilo lieleweke mapema. Kipindi cha mchana, mambo ya kina mama, biashara, ndoa, anapiga muziki katikati. Sauti yake ya taratibu, ina kamkwaruzo kidogo. Na alikuwa na tabia ya kuongea na mtu mmoja, hasemi "nyinyi wasikilizaji", anasema "wewe". "Wewe uliyekaa hapo na mawazo yako, pumua kwanza."

Siku moja akasema "wewe fundi uko kwenye cherehani saa hizi, mgongo unakuuma, simama unyooshe mgongo mpenzi". Nikasimama. Wallahi nilisimama, nikanyoosha mgongo, nikalia, maana tangu Agosti hakuna mtu aliyekuwa ameuliza habari ya mgongo wangu. Nikili kwamba hata leo nikikumbuka ile siku sioni kama nilifanya ujinga. Nilikuwa na kiu na mtu akapita na maji.

Kilichofuata ndo kilikuwa na makosa.

Nikaanza kumfuatilia Instagram. Halafu kwenye laivu zake za usiku. Nikajua anakunywa chai ya tangawizi, nikaanza kunywa chai ya tangawizi. Nikajua mtoto wake anaitwaje, anaanza shule lini, nikawa namwombea yule mtoto kwa jina kwenye sala zangu. Akiwa na mafua mi sina raha. Nikamwandikia inboksi, ujumbe mrefu kuhusu mama, nadhani ulikuwa kama kurasa mbili. Baada ya siku nne akajibu "Pole sana mpenzi ❤️". Maneno matatu na kopa moja. Nikapiga skrinishoti nikaiweka kuwa picha ya mbele ya simu. Nikaanza kumwandikia kila siku, asubuhi habari za kuamka, mchana nimeshona nini, usiku nimekula nini. Hakujibu tena na sikuona kama ni tatizo, nilikuwa najiambia yuko bize ila anasoma.

Sasa kwenye laivu kuna kitu nataka watu wakijue maana ndo kilinimaliza. Ukiandika komenti ya kawaida inapita, watu ni maelfu, haiwezi kuonekana. Ila ukinunua zile koini za mtandaoni ukatuma zawadi, jina lako linatokea kwenye skrini, na mwenye laivu anataja majina ya waliotuma. Mara ya kwanza nilituma ya kama elfu tano, akasema "asante fundi wa Tabora, jamani Tabora mpo!" Moyo ulienda mbio nikashindwa kulala. Usiku uliofuata nikatuma hakutaja. Nikatuma tena hakutaja. Nikatuma kubwa zaidi, akataja. Yaani ile ya kutojua leo atataja au hatataja ndo ilikuwa inanivuta, kama angekuwa anataja kila siku labda ningechoka mapema. Na ile hela haimfikii yote, wenye mtandao wanachukua sehemu yao, mi nilidhani nampelekea mkononi. Katika miezi kama mitano nilihesabu kanitaja mara sita. Nazikumbuka zote sita na tarehe zake.

Kazi ikaanza kuyumba. Kulikuwa na sare za harusi, watu 14, ndugu wa bibi harusi, nilizipokea vizuri nikachukua na advansi. Wiki ya mwisho ile ambayo fundi unakesha, mi nakesha kwenye laivu. Siku ya kuchukua magauni tisa tu ndo yalikuwa tayari na mawili kati ya hayo nilikuwa nimekosea mikono. Yule mama wa bibi harusi alisimama barazani kwangu akaangalia vitambaa akaangalia mimi, hakupiga kelele, akasema tu "mama yako asingefanya hivi". Nilirudisha hela. Laki mbili na themanini.

Shoga yangu wa tangu utotoni, nyumba ya pili, ndo alijaribu kunishtua. Alikuja jioni na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na karanga kama zamani, akakuta nina iafoni, nikamwonyesha mkono asubiri kidogo. Akasubiri. Kipindi kikaisha nikaingia kwenye laivu. Akaondoka akaacha sahani. Baadae akaniambia "unamjua mtoto wake anasoma darasa la ngapi, wangu alilazwa wiki nzima hujui". Badala ya kuona aibu nikakasirika, nikaona ana wivu. Tulikaa bila kusemezana karibu mwaka.

Halafu wakaja matapeli, Novemba 2021. Akaunti ina picha yake, jina lake ila limeongezwa herufi moja mwishoni, ikaniandikia inboksi yenyewe. "Habari fundi wangu wa Tabora." We fikiria, mtu uliyemwandikia miezi tisa kakujibu mara moja tu, leo anakutafuta mwenyewe. Akasema anafungua kundi la marafiki zake wa karibu, watu 20 tu, ada ya usajili 85,000. Namba ya kutuma ilipokuja, kabla ya kuweka namba ya siri simu ikaniletea jina la mwenye namba, ni jina la mwanaume nisiyemjua kabisa. Niliona. Nikajiambia atakuwa msaidizi wake. Nikatuma. Wiki mbili baadae akasema mama yake mzazi anaumwa, anaona aibu kuomba hadharani, nikatuma laki na nusu. Ile ya mama anaumwa ndo ilinimaliza, maana mi nilikuwa nimemweleza kila kitu kuhusu mama hata kwenye komenti, mtu yeyote alikuwa anaweza kusoma.

Hapo nishauri moja kwa moja: simu ikikuletea jina ambalo silo, acha hapo hapo, usitafute sababu ya kumtetea mtu. Na zile namba za kitapeli unaweza kuzituma 15040, ni namba ya bure ya kuripoti, mi sikuijua mpaka nimeshaliwa. Na usiandike msiba wako au ugonjwa wako kwenye komenti za mtu maarufu, matapeli wanakaa mle mle wanachagua.

Lakini kilichoniumiza zaidi ya hela ni safari ya Dar.

Februari 2022 niliamua kwenda kumwona. Sikumwambia mtu. Nikanunua asali dumu la lita tano, asali nzuri ya Sikonge, nikaweka na matobolwa kwenye mfuko, nikashona na kitenge, vipimo vyake nilikadiria kwa kuangalia picha. Basi alfajiri, unakaa humo siku nzima, nikashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi usiku nimevimba miguu nikatafuta gesti. Asubuhi nikaenda kituoni kwao. Getini kuna mlinzi mtu mzima, nikamwamkia shikamoo baba, nikamwambia nimekuja kumwona dada fulani, akaniuliza una miadi naye? Nikasema ananijua. Akaniangalia kwa huruma, na huruma ile sikuielewa siku hiyo, nadhani alikuwa ameona wengi. Akasema kaa hapo kwenye benchi binti, akitoka utamwona.

Nilikaa saa nne. Nikamsikia akitangaza kwenye redio ndogo ya mlinzi, yuko ndani ya jengo lile lile, akasema "wewe uliye peke yako leo, nipo na wewe", na mi niko nje kwenye benchi na dumu la asali.

Akatoka na wenzake wawili. Mfupi kuliko nilivyodhani. Nikasimama nikamwambia mi ni fundi wa Tabora. Akatabasamu vizuri tu, akasema "oooh Tabora! karibu sana mpenzi", nikaona kabisa machoni hajui. Nikasema yule fundi, wa mama yake. Akasema "pole na safari mpenzi, asante kwa zawadi jamani", tukapiga picha, mwenzake akapokea dumu, wakaingia kwenye gari. Haikufika dakika mbili. Hakunikosea chochote! Alikuwa mstaarabu kuliko watu wengi ninaowajua. Na ndo maana iliuma, angenitukana ningepata pa kushika. Nilirudi stendi nikalia mbele za watu mpaka mama mmoja muuza maji akaniuliza "umefiwa mdogo wangu?" nikamwambia ndiyo. Sikudanganya, nilihisi mama amekufa mara ya pili.

Cha ajabu nilirudi Tabora nikaendelea kusikiliza. Nikajitetea kwamba alikuwa na haraka. Mpaka Aprili 2022, Jumatatu moja kipindi kikaanza, sauti ikawa ya mtu mwingine. Hakuna maelezo wala kwaheri. Na mtandaoni akakaa kimya. Wiki mbili sikulala, sikula vizuri, cherehani haikugusa kitambaa. Mama mdogo akaja kutoka Nzega maana aliambiwa naumwa, akadhani nimerogwa, akataka tuende kwa mtaalamu. Sikuwa na nguvu ya kubisha wala ya kwenda.

Aliyenitoa ni binti wa kaka yangu, anasoma chuo hapa hapa mjini, ana somo la saikolojia. Alikaa na mimi mkekani, hakucheka. Akasema "shangazi, hiki kitu kina jina". Wanakiita uhusiano wa parasoshali, yaani uhusiano wa upande mmoja, wewe unamjua mtu wa redioni au wa kwenye skrini, unamhisi kama rafiki, ye hajui kama upo. Akasema watu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika habari hizi mwaka 1956, wakati televisheni ndo inaingia majumbani. Tangu 1956! Kabla hata mama yangu hajazaliwa kuna watu walishaniona. Akanisomea kwamba walitoa mfano wa kipindi cha redio cha kule kwao, mwanamke anaongea peke yake usiku, hajitaji jina, anaongea na msikilizaji kama vile ni mpenzi wake yuko naye chumbani, na wanaume wakawa wanamwandikia barua. Nikamwambia asome tena pale. Walichoeleza ni kwamba mtangazaji anaongea kwa namna inayoacha nafasi ya kukujibu, anauliza, ananyamaza kidogo, anacheka kama kakusikia, na wewe kichwani unajaza ile nafasi. Ni kazi yake, ndo anavyofundishwa kuongea na kipaza sauti. Hiyo "wewe" ni kama kitambaa cha frisaizi, kila anayekivaa anaona kimeshonwa kwa ajili yake.

Akaniambia pia kuna watafiti, McCutcheon na wenzake, mwaka 2002 walitengeneza maswali ya kupima mtu amezama kiasi gani kwa mtu maarufu. Kuna wanaofurahia tu na kupiga stori na wenzao, hao wengi na hawana shida. Kuna wanaoanza kuhisi wana kitu cha ndani naye, wanamuwaza hata wasipotaka. Na kuna wanaofika pabaya, wako tayari kufanya lolote kwa ajili yake. Sentensi moja kwenye yale maswali inasema kama hivi: nikiingia nyumbani kwake bila kualikwa atafurahi kuniona. Unajibu unakubali au unakataa. Nilinyamaza nikaona lile dumu la asali.

Nikamuuliza ni kwa sababu ya upweke? Maana kila mtu ananiambia ungeolewa haya yasingekupata, na hayo maneno yananikera sana. Akasema hata wataalamu walidhani hivyo, Rubin na wenzake mwaka 1985 waliwauliza watu kuhusu watangazaji wa habari wa televisheni za kwao, wakitegemea wapweke ndo watakuwa wamewashikilia zaidi, wasikute hivyo. Wenye ndoa, wenye watoto, wenye marafiki, wote inawapata. Mi nadhani kwangu msiba ulifungua mlango lakini sio ndo uliojenga nyumba, nyumba niliijenga mwenyewe tofali kwa tofali, bando kwa bando.

Na lile la kuumia alipotoweka nalo limechunguzwa. Kuna mtafiti wa Israel, Jonathan Cohen, aliwauliza watazamaji wangejisikiaje kama wale wawapendao kwenye televisheni wangeondolewa hewani, na majibu yao yanafanana na ya watu wanaoachana, ingawa kwa kawaida uchungu wake ni mdogo. Kusikia hivyo nilipumua. Nilikuwa naona aibu kuomboleza mtu aliye hai asiyenijua, kumbe kile kichwa changu hakina kabati la watu wa redioni na kabati la watu wa kweli, sauti ukiisikia kila siku inaingia kabati moja na ndugu zako. Mama alijua bila kusoma.

Ila kuna tofauti kati yangu na mama na niliiona siku hiyo. Mama alikuwa anasikiliza redio ukutani, sauti juu, mi namsikia, jirani anasikia, tunabishana na mtangazaji kwa pamoja, kipindi kikiisha stori inabaki kwetu. Zile salamu zilikuwa zinapita redioni lakini zinaishia kwa watu. Mi niliiondoa ukutani nikaitia masikioni. Nikawa mimi na ye tu, na ye hayupo.

Sasa nilivyotoka. Kwanza nilifuta kila kitu kwa hasira siku moja, programu zote, picha zote. Siku ya tatu nikarudisha zote na nikasikiliza rekodi zake za zamani usiku kucha. Kwa hiyo sikushauri ukate ghafla kama unavyokata uzi. Binti wa kaka alinizimia kengele za taarifa kwanza, ili simu isiniite. Halafu nikaondoa hela kwenye ile laini iliyokuwa imeunganishwa na kununua koini, hela ya kazi ikawa inaingia laini nyingine ambayo iko kwenye kitochi, hii ilisaidia kuliko maombi yote maana nikitaka kutuma zawadi ilibidi nihamishe hela, nitembee mpaka kwa wakala, na njiani akili inarudi. Halafu akanipa zoezi, kila nikitaka kumwandikia huyo dada kitu, niandike hicho hicho kwa mtu mwenye namba yangu. Nimeshona nini leo, nikamwandikia wifi yangu Kahama. Wiki ya kwanza ilikuwa aibu tupu, wifi akawa ananiuliza uko sawa? Wiki ya tatu akanipigia yeye.

Nilikwenda pia hospitali, kuna watu wa ustawi wa jamii pale, unaongea nao. Wewe ambaye umefika mahali huli, hulali, au unaona bora usiwepo, usisubiri kusoma stori kama hizi, nenda. Yule mama aliyenisikiliza tuliongea kuhusu mtangazaji labda dakika kumi, saa nzima iliyobaki tuliongea kuhusu mama yangu. Nilikuwa sijawahi kumlilia mama vizuri, nilikuwa nimempata mtu wa kunizuia kulia kila siku saa nane mchana.

Hesabu niliipiga kwenye daftari la oda, ukurasa wa nyuma. Bando la 2,000 kila siku kwa miezi 14 ni kama 840,000. Zawadi za laivu 412,000, hizi nilizipata kwenye meseji za miamala, kaa ujumlishe zako utashangaa, zinaenda elfu tano tano huoni. Matapeli 235,000. Safari na asali na gesti 190,000. Sare za harusi 280,000. Inakuja 1,957,000. Ndo mashine ya ovaloki niliyokuwa naipigia hesabu tangu mama yuko hai. Sijaweka wateja walioondoka na hawajarudi.

Shoga yangu nilimfuata mwenyewe. Sikubeba maelezo, nilibeba sahani yake ile aliyoiacha, ndani nikaweka maandazi. Alifungua mlango akaiangalia sahani muda mrefu. Mtoto wake kumbe ana pumu, alilazwa mara mbili mwaka ule. Hatujarudi kama zamani kabisa, kuna vitu anaanza kusema halafu anaacha. Namwelewa, nasubiri.

Yule dada mteja wa wiki iliyopita sikumwambia aache. Nilimuuliza tu huyo mtu wa laivu akiumwa utajua, wewe ukiumwa atajua nani? Akafikiria akataja dada yake. Nikamwambia basi kabla hujaingia laivu leo mpigie dada yako kwanza, halafu ingia. Sijui kama alifanya.

Redio nimeirudisha kwenye msumari. Nina wasichana wawili wanaojifunza kushona kwangu, wanachagua wao vituo. Mwezi uliopita walikuwa wanazungusha wakaishia kwenye kituo kimoja, nikaisikia ile sauti, na kamkwaruzo kake, amehamia kule. Mguu wangu ulisimama kwenye pedali. Alikuwa anaongea na kina mama wa biashara ndogo ndogo, anasema "wewe". Mmoja wa wasichana aliniona akaniuliza, dada unamjua huyu?

Nikamwambia hapana, namsikiaga tu. Akaongeza sauti, tukaendelea na sare za shule.